Shika kisu tulikague: jinsi ya kujua tunda lako ni la aina gani ukiwa hapohapo jikoni

Wakuu, binti yangu wa form two karudi juzi na kazi ya bailojia, abebe matunda matano ayaainishe. Akachukua embe, chungwa na ndizi afu akaniuliza baba hayo mawili nitoe wapi, nikamwambia nenda jikoni kabebe nyanya na ile nazi, alivonicheka! Kichwani kwake tunda ni kitu kitamu cha kushushia ugali. Ila simlaumu, maana Marekani kesi ya nyanya ilifika mpaka Mahakama ya Juu mwaka 1893 kwa ajili ya ushuru, majaji wakasema sawa kibotania ni tunda ila mezani ni mboga, ilipe ushuru wa mboga.

Kwa mmea utamu hauhusiki kabisa. Tunda ni ovari ya ua iliyokomaa, yaani kile kifuko cha ndani ya ua kinachobeba vijiyai. Ua likishachavushwa petali zinadondoka, kifuko kinavimba, vijiyai vinakuwa mbegu na ukuta wa kifuko ndo unageuka ganda na nyama. Kwahiyo kila tunda linatembea na alama za ua lililolizaa, kazi yako ni kuzitafuta tu. Unahitaji kisu kikali, ubao, na mafuta ya kula kidogo kama kuna fenesi, nitaeleza mbele.

Kwanza usikate. Shika nyanya ugeuze, vile vijani vilivyokaa kama nyota pale kwenye kikonyo ni sepali za ua zilezile, hazijaondoka. Zipo upande wa kikonyo kwa sababu ovari ilikaa juu yake. Sasa chukua ndizi, yale mabaki meusi ya ua yako ncha ya mbali, kikonyo huku ua kule, maana yake ovari ilikaa chini ya ua. Tango nalo hivohivo, ukiingia shambani asubuhi utakuta katango kadogo kama kidole na ua la njano bado limeng'ang'ania mbele.

Pamoja na tofauti hiyo nyanya na ndizi ni kundi moja, zinaitwa beri. Sharti la beri ni jepesi, ukuta uwe laini mpaka ndani na mbegu zizame humo bila kokwa, ndo maana bilinganya, pilipili, papai na pera zote zimo. Parachichi nalo wengi wanaliweka humo, manake lile dude gumu la katikati ni mbegu yenyewe, halijafunikwa na kokwa. Na ndizi usiseme haina mbegu, ikate uone vidoa vyeusi vya katikati, hivyo ni vijiyai vilivyokwama njiani. Ndizi za porini zina mbegu ngumu kama changarawe, huwezi hata kutafuna.

Sasa kata, ila kata kwa UPANA. Watu wanapasua kwa urefu afu wanalalamika hawaoni kitu. Bamia ukilikata kwa upana unapata nyota ya vyumba vitano na mbegu zimejipanga, na kila chumba ni alama ya sehemu moja iliyoungana na wenzake kutengeneza ovari. Chungwa ndo zuri zaidi, kila kipande unachobandua ni chumba kimoja. Chukua kipande, toa ule utando, afu vuta kimoja kati ya vile vifuko vya juisi, utaona kina kimkia chembamba kilichojishika kwenye utando. Vile ni vinywele vilivyoota kutoka ukuta wa ndani vikajaa maji. Ndio, chungwa unakula nywele, na limau na ndimu hivohivo, jina la kundi ni hesperidiamu. Tango, boga na tikiti wenyewe ni beri zenye ganda gumu na wanabotania wanaziita pepo, usiogope, sio huyu wa kupungwa kwa ngoma.

Haya, embe. Ganda, nyama, kokwa, hizo ni tabaka tatu za ukuta uleule mmoja. Wengi wanadhani kokwa ndo mbegu, sio. Likaushe kidogo, lishike na kitambaa ulipasue ubavuni taratibu (nina kovu la dole gumba la kazi hii), ndani ndo kuna mbegu bapa imejilaza. Kokwa ni ukuta wa ndani uliogeuka mbao ili mlaji atafune nyama aache mbegu salama.

Ukishalielewa embe, nazi haikusumbui, ni tunda la kokwa vilevile. Ganda la nje lipo, makumbi ndo "nyama" ila imekuwa nyuzi zenye hewa ndo maana nazi inaelea baharini, na kifuu ndo kokwa. Ile nyeupe unayokuna ni akiba ya chakula cha mche, ilianza kama maji ikawa inajijenga polepole kwenye kifuu, na watu wa pwani wana majina ya safari nzima, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Angalia na yale macho matatu, ni kumbukumbu ya ovari yenye sehemu tatu, ila moja tu ndo laini, choboa kwa kijiti utaliona, mche unatokea hapo.

Kuna matunda ambayo ua moja halitoshi. Nanasi kila jicho lilikuwa ua, zaidi ya mia zimeungana mpaka zimekuwa mwili mmoja. Fenesi nalo ni jamii ya watu, na hapa ndo mafuta yanapoingia, paka mikono na kisu KABLA hujakata, ukisahau ule utomvu utahangaika nao jioni nzima na sabuni haiusaidii chochote. Ukishafungua, kila tepe la njano lenye kokwa yake ni tunda kamili la ua lake, na zile nyuzi unazotupa ni maua ambayo hayakubahatika. Stafeli linafanana kwa nje lakini ni kesi nyingine, ua ni moja, ila lilikuwa na ovari nyingi ambazo zimeungana.

Anayedanganya kuliko wote ni bibo. Lile jekundu lenye maji sio tunda, ni kikonyo kilichovimba, tunda lenyewe ni ile korosho inayoning'inia chini, na ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, usijaribu kubanja kwa meno.

Makavu nayapitia haraka tu. Punje ya mhindi ni tunda zima, ganda na mbegu vimegandana, na kila uzi wa ndevu za mhindi ulitoka kwenye punje yake moja. Mbegu ya alizeti unayoimenya nayo ni tunda. Karanga ni ndugu wa maharage, sema ua likishachavushwa linateremsha kijiti kinachozamisha ovari ardhini na tunda linakulia hukohuko gizani.

Ukijiuliza mmea unajisumbua hivi wa nini, onja embe bichi. Ule uchachu ni mlango umefungwa, mbegu haijawa tayari. Ikishakuwa tayari wanga unageuka sukari, rangi na harufu zinawaita popo na ndege. Baadhi ya matunda hutoa gesi ya ethilini yakiiva, ndo siri ya kuvundika ndizi, unazifunika gesi isitoroke, na ukiweka moja iliyoiva ndani zinawahi zaidi. Ila wengine hawahongi mtu kwa sukari. Ukitoka shambani angalia suruali yako kwenye magoti, vile vijiti vyeusi vya kishona nguo vyenye vimiba ncha ni matunda, kila kimoja na mbegu yake, na umeshavibeba bure mpaka sebuleni.