Farasi Mgeni Zizini: Namna ya Kuzuia Majipu ya Koo

Mazizi yetu ya Karen, Nairobi, huweka farasi wa watu wengi mahali pamoja. Mmoja katoka mashindanoni, mwingine kanunuliwa juzi, na wote wako mikononi mwa masaisi, yaani watunza farasi, wale wale. Ugonjwa ninaouhofia kuliko yote ni majipu ya koo, yaletwayo na bakteria Streptococcus equi. Huu hausafiri mbali hewani. Hubebwa na makamasi na usaha, na wabebaji wakubwa ni sisi.

Kwa hiyo mgeni hukaa peke yake wiki 3, hata mwenyewe akilalamika kwamba amelipia malisho. Dalili hujitokeza baina ya siku 3 na 14 tangu kuambukizwa, lakini usingoje pua ianze kutoka makamasi. Homa hutangulia, na mara nyingi bakteria huanza kutoka puani siku moja au mbili baadaye. Hapo ndipo unapowahi.

Basi mpime asubuhi na jioni. Simama ubavuni, si nyuma yake. Paka kipimajoto mafuta, inua mkia, kiingize kwa kukielekeza pembeni kidogo kiguse ukuta wa utumbo, maana kikichoma kwenye mavi kitakudanganya. Kifunge uzi wenye kibanio cha nguo na ubane kwenye singa za mkia. Farasi mkubwa akiwa mzima huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi. Ikizidi hapo, mtenge kwanza, ndipo umpigie daktari wa mifugo.

Sasa maji. Tazama saisi anavyojaza ndoo: mpira huzamishwa ndani, kisha unahamishiwa ndoo ya jirani ukiwa bado unadondosha. Ushike juu ya maji, usiguse kitu. Lijamu, hatamu, brashi na ndoo ziwe za farasi mmoja tu. Kwetu huzifunga utepe wa rangi. Mwekundu ni wa mgonjwa, wa njano ni wa aliyekaribiana naye, wa kijani ni wa wengine. Kazi huanzia kijani na kuishia nyekundu, bila kurudi nyuma. Akipatikana saisi wa kuhudumia wagonjwa pekee, afadhali zaidi. Na fundi wa kwato asiwaguse wagonjwa mpaka daktari aruhusu.

Kuosha kuna utaratibu wake. Dawa ya kuua vijidudu ukiimwaga juu ya mavi umeipoteza bure. Sugua kwa sabuni, suuza, acha pakauke, ndipo upake dawa. Pamba zilizofuta usaha zichomwe moto. Antibiotiki usimdunge kwa kubahatisha. Hilo ni la daktari.

Wenye farasi nao wana tabia ya kupita wakigawa karoti, mdomo hadi mdomo, kwa kiganja kile kile. Waambie kwa heshima, lakini waambie.

Majipu yakishakauka, usimrudishe kundini kwa macho tu. Wapo wanaopona na bado wanaficha bakteria kwenye mifuko iliyo nyuma ya koo kwa miezi, pengine miaka. Daktari aisafishe na kupeleka maji yake maabara, kwa kawaida wiki 3 hivi baada ya dalili kuisha. Mpaka jibu lije safi, utepe wake unabaki mwekundu.