SOMO: Kwenda kando ya Ziwa Kivu na watoto, babura (jiko la makaa) na nyama

Kila mwisho wa wiki naulizwa yaleyale: tubebe nini, tukae wapi, watoto waingie majini wapi? Naandika hapa mara moja.

1. Chagueni kiangazi, Juni hadi Agosti. Wakati wa mvua, mchana mmoja tu na makala (makaa) yote yamelowa.

2. Bebeni babura, makala kavu, wavu, kisu, chumvi, pilipili, ndimu, kitenge cha kutandika na bido (madumu) mbili za maji safi, ya kunywa na ya kunawa. Maji ya ziwa msiyanywe wala msioshee nyanya. Kipindupindu tunakijua hapa Goma.

3. Watoto wavae viatu, hata majini. Mawe ya volkano yanakata.

4. Mahali pa kukaa. Hapa someni polepole. Wengi wanatafuta kibonde chenye kivuli, kilichokingwa upepo, ili moto ushike vizuri. Kibonde hichohicho ndicho mazuku inachopenda. Ni gesi ya kaboni dioksidi, inayokosesha mtu pumzi, inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa, na upande wa Himbi, Keshero, Bulengo hadi kuelekea Sake inajulikana sana. Ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inatuama chini. Haina rangi wala harufu. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, inajaa. Jua na upepo vikija inapungua. Baba amesimama anageuza nyama, hasikii kitu. Mtoto wake aliyekaa chini akipanga kokoto yuko ndani yake tayari.

Mkiona ndege, mijusi au wadudu wamekufa shimoni, ondokeni. Makala yakizimika bila sababu, msiiname kupuliza: beba watoto, pandeni juu. Na moto kuendelea kuwaka si ushahidi kwamba pako salama. Kaeni palipoinuka, wazi, penye upepo, na waulizeni majirani wa pale. Mashimo yao wanayajua.

5. Watoto majini: mtu mzima mmoja awaangalie tu, asishike nyama wala simu. Sehemu nyingi ziwa linashuka ghafla. Maji ya goti, halafu hakuna chini. Bido tupu si boya, inateleza mikononi.

6. Makala yazimeni kwa maji mengi. Msiyafukie mchangani, yanabaki na moto na mtoto wa watu atayakanyaga kesho.

MASWALI

Kijana wa Birere: Yaya, sasa tubebe nini?
— Hatua ya 2.

Kijana wa Birere: Nilisoma haraka. Sisi tunafikaga Bulengo alfajiri tupate nafasi, na hakuna aliyewahi kufa.
— Basi soma ya 4 bila haraka. Mmepona, lakini shimo liko palepale. Nendeni jua likishapanda.

Mama Baraka: Wanasema ziwa lina metani. Babura yetu haiwezi kulilipua?
— Asante mama, swali la maana. Metani ya Kivu imeyeyuka kwenye maji ya kilindini, zaidi ya mita 250 chini, na uzito wa maji ya juu umeibana huko. Moto wa ufuoni hauifikii. Wenzetu wa Rwanda wanayavuta maji hayo kwa mabomba, wanaitoa gesi na kuzalisha umeme. Ya kuogopa ukiwa na babura ni ile ya mashimoni.

Mwalimu wa Keshero: Mtu akianguka shimoni tufanyeje?
— Usiruke kumuinamia, mwalimu. Wengi wanaanguka wakiokoa. Piga kelele watu waje, mvuteni kwa kamba au mti mrefu mkiwa juu, apelekwe penye upepo, halafu hospitali haraka.

Mama Baraka: Mimi naongeza: msipange babura juu ya mawe yaliyotoka majini. Yakipata moto yanaweza kupasuka.
— Kweli kabisa. Tumieni makavu.

Papa Jo: Na sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa, zinachomeka kwenye wavu?
— Zinapita matunduni, papa. Zikaangeni kwa sufuria. Wavu ni wa tilapia: paka mafuta kwanza, na usigeuze mpaka ngozi iachie yenyewe.