Somo: Namna ya kulinganisha hedifoni za bei kubwa kabla hujatoa hela

Wakuu, somo hili ni la wanaorekodi kwaya na bongofleva hapa Kigoma, na yeyote anayejipanga kutoa laki kadhaa kwa hedifoni moja. Nyingi tunaagiza Dar, zinakuja na basi, na ukishafungua boksi kurudisha ni mgogoro. Kwa hiyo azima za wenzako kwanza, uzilinganishe.

Hatua ya 1: Sawazisha sauti. Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ukiruka hapa yote yanayofuata ni bure. Sikio likipata sauti iliyozidi kidogo tu linaona ndiyo tamu: besi imejaa, kila kitu kinang'aa. Na hedifoni hazipazi sawa. ATH-M50x ya Audio-Technica ni omu 38 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; zikizidi, inataka nguvu zaidi kupaza), simu inaisukuma bila shida. HD 600 ya Sennheiser ni omu 300, ichomeke kwenye simu hiyohiyo utadhani imeharibika. Tafuta kipande ambacho mwimbaji yuko peke yake, panga volyumu ya kila moja mpaka sauti yake ilingane, andika namba ya volyumu pembeni, ndipo uanze kubadilisha. Kama una miksa yenye tundu la hedifoni, tumia hiyo, achana na simu.

Hatua ya 2: Sikiliza rekodi unayoijua. Bora ya kwaya yenu, maana ulikuwepo wakiimba. Chukua faili la WAV lenyewe, yaani rekodi ambayo haijabanwa, si lile lililokwisha kuzunguka kwenye magrupu. Usijiulize kama ni tamu. Jiulize: alto nawatofautisha na soprano? "S" inachoma? Gitaa la besi nafuata noti zake au nasikia mvumo tu?

Kwa masikio yangu, HD 600 haina mpinzani kwenye sauti ya mtu, ila besi ya chini kabisa inapungua. DT 770 Pro ya Beyerdynamic ina besi nene na sauti za juu kali, "s" za soprano zinaweza kukukera. MDR-7506 ya Sony, ya tangu 1991, inaanika kila kosa. Ni ya kazi hiyo, si ya kujilaza nayo.

Wenye miwani, jaribuni mkiwa mmeivaa. Mkono wa miwani unainua sponji na besi inatorokea hapo.

Hatua ya 3: Ivae saa nzima. Saa nane mchana, feni imezimwa, kama inavyokuwa ukirekodi. Dukani dakika mbili kila hedifoni ni laini. Sponji za kitambaa cha mahameli, kama za DT 770, zinapumua. Za ngozi bandia zinalowa jasho. Uzito nao uangalie: DT 770 ni kama gramu 270, lakini LCD-2 ya Audeze inapita nusu kilo, shingo itakuambia.

Hatua ya 4: Uimara. Swali ni moja: ikikatika, fundi wa hapa mtaani Mwanga ataiweza? Waya unaochomoka ni nusu ya ushindi, maana waya ndio unaotangulia kufa. HD 600 unanunua sponji, waya, hata spika zake peke yake. M50x waya unachomoka. MDR-7506 na DT 770 Pro ya kawaida waya haichomoki, ikikatika ni kufungua na kulehemu. Za bluetooth zina betri ndani, na betri huzeeka hata ukiitunza.

MASWALI YA WANACHAMA

Ujiji: Mkuu, asante kwa somo. Nimeletewa HD 600 na kaka yangu, kwenye simu haina sauti. Feki?

Jibu: Si lazima, ndugu. Ni zile omu 300. Ijaribu kwenye miksa au amplifaya ya hedifoni kabla hujamlaumu kaka.

Kasulu: Narekodi waimbaji chumba kimoja na mimi. HD 600 au DT 770?

Jibu: DT 770, bila kujiuliza. HD 600 iko wazi mgongoni, sauti inatoka nje na maiki itaidaka. Hata mwimbaji mpe iliyozibwa. HD 600 ibaki ya kumiksi, chumba kikiwa kimya.

Kibirizi: Nina WH-1000XM4 ya Sony, naweza kumiksi nayo?

Jibu: Kwa safari ya treni ni raha tupu, inazima kelele na chaji inafika saa 30. Kurekodi kwa bluetooth usijaribu, sauti inachelewa na mwimbaji atapotea mdundo. Ina tundu la waya, tumia hilo. Ila kazi ya mwisho isikilize pia kwenye nyingine.

Kigoma mjini: Sponji za ngozi zimeanza kumenyuka, nipake mafuta?

Jibu: Hapana, mafuta yanazimaliza haraka. Agiza mpya za modeli hiyohiyo, kwa sababu unene ukibadilika na besi inabadilika. Mpya zikifika, zifute jasho kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na usiziache kwenye dashibodi ya gari.