Namna ya kuirudisha studio bendi kongwe ya dansi, Mtwara na Lindi

Bendi kongwe inayotaka kurekodi albamu mpya baada ya wanamuziki wake kutawanyika ianze na karatasi kabla ya gitaa. Andikeni jina la bendi ni la nani, mapato yatagawanywa vipi, na kila wimbo usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa jina la mtunzi wake halisi. Mkitaka kurudia wimbo wa mwenzenu aliyefariki, watafuteni warithi wake, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake.

Ratiba ifuate majira ya kusini. Msimu wa korosho ukipamba moto, mpiga besi mwenye shamba hapatikani. Kwa hiyo mazoezi yaanze Januari, na kurekodi kusubiri Mei, mvua zikishakatika, maana mvua ikipiga juu ya bati hakuna maikrofoni itakayonusurika.

Msiharakie studio. Eagles, bendi ya roki ya Marekani, walivunjika mwaka 1980 na kurejea jukwaani mwaka 1994, lakini albamu yao kamili ya nyimbo mpya ilitoka mwaka 2007. Ninyi hamhitaji kusubiri kiasi hicho, ila pigeni kwanza mbele ya watu, hata kama ni harusini, mpaka gitaa la ridhimu na la solo yaanze tena kuitikiana bila kutazamana.

Sauti nayo hubadilika na umri. Wimbo ambao mwimbaji aliuimba kwa ufunguo wa A ujanani, ushusheni hadi ule wa chini yake, G, naye asione haya, kwa sababu sauti nzito iliyotulia hupendeza kuliko ya juu inayokwaruza. Wapuliza tarumbeta na saksafoni wapewe muda wa kutosha, kwani vidole vyao vitalazimika kujifunza njia mpya.

Zamani, katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na nashauri kwa dhati mfanye vivyo hivyo. Studio nyingi za mitaani zimejengwa kwa ajili ya mwimbaji mmoja na midundo ya kompyuta, hivyo ni afadhali kuazima ukumbi na kumwomba prodyuza aje na mashine ya chaneli nane: mbili za dramu kubwa na ndogo, moja juu ya dramu, moja ya tumba, moja ya besi na tatu za magitaa. Simamisheni magodoro kati ya dramu na magitaa. Mwimbaji awaongoze kwa sauti ndogo, kisha arekodiwe peke yake, na wapuliza wafuate. Hewa ya bahari hula nyuzi, kwa hiyo fungeni mpya siku mbili kabla, ili ziwahi kutulia.

Chemko, yaani ile sehemu ya wimbo inayochangamka baada ya beti, lisikatwe wala kuunganishwa kwa kompyuta. Likiharibika, wimbo urudiwe tangu mwanzo, kwa sababu mwendo wake hujengwa na beti zilizotangulia, na msikilizaji wa dansi huutambua upesi mwendo wa kubandika.

Nyimbo nyingi za bendi za zamani zilibaki katika tepu za redio, mbali na mikono ya waliozipiga. Kwa hiyo kurekodi kukiisha, kabla ya kukusanya vyombo, prodyuza anakili faili zote kwenye diski mbili, na moja akabidhiwe kiongozi wa bendi palepale ukumbini.