Namna ya kuitambua maana ya "bob" katika Kiingereza

Makanga akisema nauli ni fifti bob, yaani shilingi hamsini, hakuna abiria wa Nairobi anayeuliza maana yake. Kazi huanza unapolikuta neno hilo katika maandishi ya Kiingereza unayoyatafsiri.

Tazama herufi ya kwanza. Ikiwa ni kubwa katikati ya sentensi, hilo ni jina, kifupi cha Robert. Lakini "Bob's your uncle" haimhusu mjomba yeyote: Mwingereza huisema akishakuelekeza jambo rahisi. Andika "basi, umemaliza".

Bob ya pesa kwa kawaida hutanguliwa na idadi na haiongezwi s ya wingi: "ten bob". Ukishajua ni pesa, tafuta mwaka na nchi. Uingereza kabla ya Februari 15, 1971, bob ilikuwa shilingi ya peni 12, na shilingi 20 zilifanya pauni. Andika "shilingi", lakini usiichukulie kama shilingi ya Kenya ya leo, la sivyo msomaji atadhani mshahara mzuri ni nauli ya matatu. Hapa kwetu shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, ikiwa na senti 100, thamani yake sawa na ya Uingereza. Ya Kenya ikafuata 1966. Waingereza walibadili sarafu zao, sisi tukabaki na shilingi na bob yake.

Panapowakosesha wengi ni "worth a few bob". Ukitafsiri neno kwa neno utapata "vijishilingi vichache", na umepotea: Mwingereza hapo anapunguza maneno makusudi, akimaanisha pesa nyingi. Mtu akielezwa hivyo, ana mali.

Pasipo idadi, angalia jirani za neno. Penye nywele, ni mkato unaoishia karibu na kidevu. Penye fundi na ukuta, ni ule uzito unaoning'inia kwenye uzi wa timazi. Kikiwa kitenzi, kitu kinapanda na kushuka, kama chelezo majini.

Maana ya nywele inatoka mbali: zamani bob ilikuwa kishada au fundo, hata mkia wa farasi uliofupishwa. Asili ya bob ya pesa haijathibitishwa. Wapo wanaomtaja waziri mkuu Robert Walpole, ila yeye alifariki 1745, na maana hiyo inaonekana katika maandishi mwishoni mwa karne hiyo. Ukiandika tanbihi, usimtaje kama chanzo.