Kuokoa mtutu wa gobore ulioliwa na kutu

Mwongozo huu ni wa gobore la kuhifadhiwa, si la kupigwa tena. Mitutu mingi ya zamani ilifuliwa kwa bamba la chuma lililokunjwa kuzunguka fimbo, kingo zikaunganishwa motoni kwa nyundo. Kutu ikishachimba kwenye mshono huo, nguvu iliyobaki huwezi kuipima kwa macho. Mtutu wenye ufa au uliovimba usiuchomelee. Atakayeurithi ataona umepona, naye ataujaza baruti.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mtupu

Hapa usiharakishe hata kidogo. Magobore mengi yaliwekwa yakiwa yameshindiliwa, na baruti nyeusi ikikaa pakavu huweza kuwaka hata baada ya miaka 100. Elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, usimame kando, kisha ingiza kijiti kirefu cha mbao taratibu mpaka kigote. Tia alama usawa wa mdomo. Kitoe, kilaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa pale pale mdomoni. Ncha ikifika kwenye tundu la kuwashia, yaani kitundu cha nyuma kinachopitisha moto kwenye baruti, mtutu ni mtupu. Ikiishia sentimita kadhaa kabla yake, chukulia kwamba kuna risasi na baruti: acha kila kitu, mwite fundi bunduki mwenye kibali. Usichokonoe kwa chuma, usitoboe, usipashe moto. Maji nayo si dawa, kwa kuwa baruti iliyolowa ikikauka inaweza kuwaka tena.

Hatua ya 2: Tenganisha mtutu na mti (sehemu ya mbao)

Chomoa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, kisha sukuma pini au kabari zinazoshikilia mtutu kwa kugonga kidogo kidogo. Zilizokwama zitie mafuta ya kulegeza kutu, uziache usiku kucha. Kizibo cha nyuma ya mtutu kiache kama kilivyo, maana kukilazimisha huvunja uzi wake wa skrubu.

Hatua ya 3: Ondoa kutu iliyo hai

Rangi ya kahawia iliyokolea na kutulia si uchafu. Mafundi wa zamani waliipaka kwa makusudi, na ukiifuta umefuta kazi yao. Unayoitafuta ni kutu ya rangi ya chungwa inayoacha unga kidoleni. Ipake mafuta mepesi, iache ilainike, kisha isugue kwa sufi ya chuma iliyo laini kabisa, namba 0000. Magamba magumu yakwangue kwa ukingo wa shaba, ambayo ni laini kuliko chuma. Msasa, tupa na asidi viweke mbali.

Ndani, osha kwa maji ya moto na sabuni ukitumia brashi ya shaba, kwani masalia ya baruti hunyonya unyevu hewani. Kausha papo hapo, upitishe kitambaa chenye mafuta.

Hatua ya 4: Paka nta

Futa mafuta ya nje, vaa glavu, paka nta nyembamba na uing'arishe kwa kitambaa. Baada ya miezi michache kagua tena. Unga wa chungwa ukirudi, shughulikia sehemu hiyo tu.