Mwalimu asiyeona na darasa la wanaoona

Ingia darasani siku moja kabla ya wanafunzi. Tembea na fimbo nyeupe kutoka mlangoni hadi ubaoni, kisha katikati ya madawati, mpaka miguu izoee. Mabegi yakae chini ya dawati, kamwe si njiani. Dawati likisogezwa bila wewe kuambiwa, aliyelisogeza alirudishe. Wakikuona unajikwaa kila siku, heshima hugeuka "maskini mwalimu wetu", na hapo kufundisha kunakuwa kugumu.

Kunyoosha mkono hakukufai. Anayetaka kusema ataje jina kwanza: "Asha, mwalimu." Orodha ya majina iandike kwa nukta nundu, yaani maandishi ya vidoto vinavyosomwa kwa kupapasa, kwa kufuata viti, si alfabeti, ili sauti ilingane na mahali inapotoka.

Ubaoni waandike kwa zamu. Wewe taja sentensi moja, mmoja aandike, mwingine wa nyuma aisome kwa sauti. Bila huyo wa pili, mwandishi huruka neno na kosa huishia kwenye madaftari yote. Wakati wa kusahihisha, daftari lisomwe na jirani. Mwenyewe hurekebisha makosa huku akisoma, tena bila kujijua.

Msaidizi akae pembeni. Mgeni akimwuliza, "Mwalimu anasemaje?", jibu wewe, papo hapo, wanafunzi wakisikia.

Kisha tenga kipindi cha nukta nundu. Usiwafunge vitambaa machoni: dakika chache za giza huwapa woga, haziwaonyeshi ustadi wa aliyezoea. Chukua trei ya mayai 30, yaani safu 5 za mayai 6. Safu 2 zikate katikati, upate vipande 2. Safu 3 zilizobaki zikate mara mbili, upate vipande 3 sawa. Kila kipande kina matundu 6. Kisimamishe: kushoto, toka juu, ni 1, 2, 3, kulia 4, 5, 6. Kizibo cha soda kwenye 1 ni A. Kwenye 1, 4 na 5 ni D. Vipande vinne vinatosha kuandika DADA. Kona ya juu kushoto itie alama, maana kipande kikigeuzwa herufi hupotea.

Wakizoea, wape kibao cha nukta nundu, kalamu ya kudunga na karatasi nene. Hapa wengi hukwama: nundu hutokeza upande wa pili, kwa hiyo huandikwa kulia kwenda kushoto, na kila herufi hugeuzwa. Anayesahau kuigeuza hukuta D imekuwa F, na E imekuwa I. Usimsahihishie. Mwache apapase karatasi kwa kidole, ataje alichosoma, adunge upya.